Mpishi Akiinua Mikono, Simamisha Kreni

Nyinyi vijana mnaonijia hapa Walukuba, Jinja, na simu mkononi, swali lenu nimelizoea. "Jajja, pamiti ya kreni inapatikana wapi haraka?" Mnaniita jajja, yaani babu, lakini neno haraka linatoka hata kabla ya salamu. Juzi mmoja aliniuliza akiwa bado amekaa juu ya boda, injini inanguruma, kama vile mimi ni duka la sukari. Basi nawajibu wote hapa kwa pamoja. Mkishasoma, mniache nilale mchana. Nimestaafu, na usingizi wa mchana nimeufanyia kazi.

Mimi ni Isabirye. Shule niliiacha mapema, na sidhani kama iliniulizia. Najua kusoma namba, jina langu, na neno la hatari likiandikwa kwa rangi nyekundu. Haya nayasema kwa mdomo, binti yangu mwalimu anayaandika. Nimemruhusu anyooshe Kiswahili changu, lakini maneno ya watu wengine nimemwambia asiyaguse. Ila msidanganyike na shule yangu fupi. Kati ya Jinja na Mbale kuna matangi, mapaa ya viwanda na mashine nzito ambazo mkono wangu huu ndio uliozipandisha, na hakuna hata kimoja kilichoshuka bila ruhusa yangu.

Kwanza, mnachokiuliza si karatasi moja. Hapo ndipo wengi wenu mnapotea. Kuna pamiti, ile leseni ya kuendesha, yenye daraja la mitambo mizito. Hiyo ndiyo afande wa trafiki anayokuuliza ukipita Busitema na kreni yako ikitambaa barabarani na msururu wa magari nyuma unakutukana. Pamiti inasema unaweza kuifikisha kreni Mbale. Haisemi kitu juu ya kile utakachofanya ukishafika. Kuinua mzigo kuna cheti chake, na hicho unapewa ukishapimwa na watu wanaojua, ukiwa ndani ya kebini, mzigo ukiwa hewani. Halafu kreni yenyewe nayo ina cheti chake: mkaguzi anakuja, anaangalia kamba za waya, ndoano, breki, miguu ya pembeni inayoizuia isipinduke, anaandika uzito inaoruhusiwa kubeba. Dereva mwenye vyeti juu ya kreni isiyo na cheti ni harusi yenye bwana harusi peke yake.

Na usije na karatasi ya ng'ambo ukadhani imemaliza. Mwalimu wangu, Mzee Wafula, alitoka upande wa Kenya, alikuwa fundi hasa, na karatasi za kwao zilikuwa safi zimepigwa mihuri. Alipovuka mpaka akaambiwa, "Karibu sana mzee, sasa anza upya." Alinuna, kisha akaanza upya. Kila serikali inataka ikuone kwa macho yake. Masharti nayo hubadilika, kwa hiyo nendeni ofisini mkaulize wenyewe, tena ndani ya ofisi, si kwa wale mabroka wanaosimama getini na bahasha.

Mtasema, mzee anatia chumvi, kreni ni gari tu lenye mkono mrefu. Niwaambie ya Buwenge. Kulikuwa na dereva wa tipa, kijana mzuri, pamiti yake halali kabisa. Mwenye ghala la mahindi akampa kreni ainue vyuma vya paa. Akaegesha, akateremsha miguu ya kreni, akainua chuma, akageuka. Upande mmoja mguu ukaanza kuzama polepole, na kreni yote ikainama, ikainama, mpaka ikaketi chini kama ng'ombe aliyechoka. Hakuumia mtu. Watu wa soko walikuja kuangalia na miwa mkononi. Polisi alipofika akaomba pamiti, kijana akaitoa, na afande akaigeuzageuza akasema, "Sasa bwana, hii pamiti iko sawa. Kwa nini kreni imelala?"

Imelala kwa sababu mguu ule ulikuwa juu ya shimo la choo cha zamani, lililofukiwa likaota nyasi. Pamiti haijui mashimo ya vyoo. Mzee Wafula aliyajua. Kila tulipofika mahali papya, kabla hajatazama juu alitazama chini. Alitembea akikanyaga kwa kisigino, halafu alikwenda kwenye nyumba za jirani na kuwatafuta kina mama. "Mama habari ya hapa. Choo chenu cha zamani kilikuwa wapi?" Nilikuwa naona aibu mwanzoni. Mtu mzima na kofia yake ngumu anaulizia choo! Lakini mama mwenye nyumba anakumbuka kila shimo lililochimbwa uwanjani kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwafukuza watoto wasitumbukie. Ramani ya injinia haina vyoo vya zamani. Ulizeni kina mama.

Jambo la pili la Wafula lilikuwa dumu. Alinipa dumu la maji lililojaa akaniambia nilishike karibu na tumbo. Nikalishika. Akasema, sasa nyoosha mkono. Nikanyoosha, na mkono ukashuka wenyewe. "Umeisoma chati," akaniambia. Ile chati ya namba iliyobandikwa ndani ya kebini inasema hilo hilo tu: mzigo ukiwa karibu unabeba mwingi, ukiupeleka mbali unabeba kidogo. Wengi wanaoanguka hawakuanguka kwa uzito. Walinyoosha mkono.

La tatu ndilo lililonitia taabuni, na ndilo hasa nililokaa chini kuwaeleza.

Kwenye kazi ya ujenzi kila mtu ana mdomo. Ukiinua kitu, wapaka rangi wanapiga kelele, wabeba saruji wanapiga kelele, mwenye jengo anapiga kelele, hata wapita njia. Leta! Rudisha! Kushoto! Ukiwasikiliza wote utaua mtu. Kwa hiyo Wafula alinifundisha: kreni ina macho mawili, na macho hayo ni ya mtu mmoja aliye chini, yule anayekupa ishara kwa mikono. Mtazame huyo tu. Wengine wote ni redio.

Wa kwangu alikuwa Masaba. Mtu wa Mbale, mwembamba, mwenye maringo, kofia yake aliipiga pasi. Tulifanya kazi pamoja mpaka watu wakatuita mume na mke, na tuligombana ni nani mume. Masaba akiinua kidole, naelewa kama ni kidogo au ni kidogo sana. Akipumua vibaya, namwona. Hatukuwahi kukosana juu ya mzigo. Tulikosana juu ya siasa, juu ya mpira, juu ya nani alikula mfupa wa nani, lakini si juu ya mzigo.

Basi ikaja kazi ya msikiti, Nabuyonga, pale Mbale. Watu wa mtaa ule walijenga kwa muda mrefu, wenye maduka wakichanga, na hatimaye kuba likatengenezwa kwa chuma na bati linalong'aa, likiwa chini uwanjani kama sufuria kubwa iliyofunikwa. Lilitakiwa kupandishwa na kuwekwa juu ya mnara wake. Mimi ni Mwislamu kwa mama. Marehemu mama yangu aliolewa Busoga akitokea Nabuyonga, na marehemu mjomba ndiye aliyekuwa akiadhini pale msikiti ulipokuwa wa matofali ya udongo. Niliposikia habari za lile kuba nikasema, hilo ni langu. Nitastaafu na hilo. Nilikwenda mwenyewe kwa wazee wa kamati, nikawaahidi, wakanipa mkono.

Halafu kampuni iliyokuwa inasimamia ujenzi ikaleta sharti. Injinia wao kijana, shati limechomekewa vizuri, akaniambia kwa heshima kabisa, "Mzee, pamiti yako nimeiona. Cheti cha kuinua kiko wapi?"

"Kuinua nimeanza wewe ukiwa unanyonya," nikamwambia.

"Naamini mzee. Lakini cheti kiko wapi?"

Sikuwa nacho. Wakati wangu tulifundishwa na mtu, na mtu huyo akisema umeiva, umeiva. Nikakasirika siku nzima. Masaba akaniambia, "Acha kuvimba. Mimi changu cha ishara nilishakichukua, ni maswali tu. Nenda." Kwa hiyo nikaenda, na mjue kabisa kilichokuwa mezani: bila cheti, kuba linapandishwa na dereva mwingine kutoka Kampala, na mimi nitakaa chini na wazee wa kamati niliowaahidi, nakunywa chai, natazama.

Mtihani ulifanyika hapa hapa Jinja, katika yadi ya mitambo niliyokuwa nafanyia kazi, maana kreni ilikuwapo na nafasi ilikuwapo. Aliyekuja kupima alikuwa mwanamke. Afande Akello, mtu wa kaskazini, sajini mstaafu wa wahandisi wa jeshi, mrefu, viatu vyake vinang'aa kuliko kuba la msikiti. Maswali yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza. Nilimwambia wazi, "Afande, hayo ukinipa kwa karatasi nitashindwa kabla hatujaanza. Niulize kwa mdomo."

Akanitazama. "Kwa lugha gani, mzee?"

"Kisoga hujui. Kilango chenu mimi sijui."

Akacheka kidogo. "Basi ni Kiswahili cha kambini. Kaa chini."

Wazee wa rika langu mtanielewa. Sisi tulipokuwa watoto, Kiswahili tulikisikia kwa wanajeshi, na cha mtu mwenye buti kilikuwa na maana moja tu: kimbia, na kama huwezi, lala chini. Mgongo wangu bado unakikumbuka. Na huyu hapa ananiuliza kwa Kiswahili kile kile, taratibu, kamba ya waya ikikatika nyuzi unafanyaje, ndoano ikipanuka mdomo unafanyaje, upepo ukianza unajuaje. Nikamjibu kwamba nafunga kitambaa chepesi juu kabisa, kikisimama kama mkono wa anayetoa salamu, nashusha mzigo nanywa maji. Akaandika. Nikamweleza dumu la Wafula, akasema, "Hiyo nitaiiba."

Tukaenda kwenye kreni. Nikazunguka nikakagua, nikaweka mbao chini ya miguu, nikasawazisha. Masaba akasimama mbele kutoa ishara. Mzigo ulikuwa bonge la zege, nilipitishe katikati ya miti iliyosimikwa bila kugusa hata mmoja. Nililipitisha kama mtu anayevusha mtoto aliyelala. Nikaanza kushusha, Masaba ananiita kwa vidole, njoo, njoo, njoo.

Pembeni, kwenye jiko la yadi, Mama Zaituni akatoka. Huyu alikuwa anatupikia ugali wa posho na maharagwe tangu yadi ile haina ukuta. Akasimama nyuma ya Masaba, akatandaza mikono yote miwili, akaanza kuipunga juu chini, mwiko bado mkononi. Nilimwona vizuri sana. Nikajisemea, leo chakula kimewahi. Nikaendelea kushusha. Zege likakaa mahali pake, laini, hata vumbi halikuruka. Nikazima, nikashuka, nikajipangusa jasho nikisubiri pongezi.

Afande Akello akafunga kalamu yake. "Umeshindwa, mzee."

"Nimegusa mti gani?"

"Hukugusa. Umesimamishwa, hukusimama."

"Nani amenisimamisha?"

Akamwonyesha Mama Zaituni kwa kidole; kumbe alikuwa amemfundisha ishara ile na kumtuma. Na yule mama, bila aibu, akapunga mwiko.

Nikasema, "Huyu? Huyu ni mpishi! Nikimtii mpishi, kesho si nitamtii mbuzi?"

"We Isabirye!" Mama Zaituni akadakia. "Nikisema chakula tayari unanisikia ukiwa upande wa pili wa ukuta. Nikisema simama, masikio yamekwenda Iganga?"

Yadi nzima ikaangua kicheko. Akello hakucheka. Akanieleza kwamba ishara za kuinua, kushusha, kugeuza, hizo ni za mtu mmoja, na hapo Wafula alinifundisha sawasawa. Lakini ya kusimama ni ya kila mtu. "Hata kule jeshini, mzee. Mpishi akiona kamba inakatika, anamsimamisha meja. Simama haina cheo." Akaniambia nirudi mwezi unaofuata.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, sikutaka hata boda. Lakini nikiwa njiani nikafikiria. Masaba alikuwa amempa mgongo Mama Zaituni. Kama nyuma yake kungekuwa na kitu kweli, jicho langu pekee lisingekiona, kwa sababu jicho langu pekee lilikuwa linanitazama mimi. Nilikubali hilo nikiwa peke yangu. Kulikubali mbele ya watu kulichukua muda kidogo.

Aliyeumia hasa alikuwa Masaba. Nilipomwambia kwamba tangu sasa nitasimama kwa yeyote, akavua kofia yake akaitazama ndani. "Kwa hiyo mimi na mpishi ni sawa."

"Kwa kusimama tu."

"Miaka yote hii nakuongoza mimi. Leo mtu wa maharagwe anaingia kati yetu."

"Masaba, bwana, si kati yetu. Ni pembeni."

"Pembeni ndiko wanakoanzia."

Akaacha kula nami. Tulifanya kazi, ishara zake zikawa kavu, za kitabuni, kama mtu anayejibu barua ya mahakama. Na mimi nilihitaji mazoezi. Nikamwomba Mama Zaituni anisimamishe wakati wowote akitaka, bila kunionya, ili mkono wangu uzoee kutii kabla kichwa hakijaanza kuuliza huyu ni nani. Banange, jamani, nilijuta. Yule mama alilewa madaraka. Nikiwa na chuma hewani, anatoka, anapunga, nasimama, anauliza, "Leo maharagwe au mboga ya dodo?" Namjibu maharagwe. Naanza tena, anapunga. "Na pilipili?" Meneja wa yadi alitaka kunifukuza. Masaba alikwenda kukaa juu ya tairi, ameukunja mdomo. Lakini mkono wangu ulijifunza. Siku ya kurudia, Akello alimtuma mlinzi wa geti, mzee ambaye hata hatukuwa tunasalimiana vizuri, naye aliinua mikono nusu nusu kwa woga. Nikasimama mzigo haujatikisika. Cheti nikapewa.

Tukapeleka kreni Mbale. Pale uwanjani nikafanya kama Wafula. Nyuma ya msikiti kulikuwa na nyumba ya Hajati Nambozo, mama mtu mzima, mkali, kamba za nguo zimejaa uwanjani kwake kuliko bendera za sherehe. Nikamsalimu nikamwuliza choo chao cha zamani kilikuwa wapi. Akanikagua juu mpaka chini.

"Unataka kwenda haja?"

"Hapana, Hajati. Nataka mguu wa kreni usiingie humo."

Akatoka na kanga yake begani, akanionyesha shimo moja, halafu la pili ambalo lilichimbwa na mkwewe, halafu kisima kilichofukiwa. Akasimama nami mpaka mbao zote zikawekwa. Alipoondoka akasema, "Mkiwa na jambo jingine niulizeni." Nikamwambia tutamwuliza.

Siku ya kupandisha, mtaa wote ulikuja. Wazee wa kamati wamevaa kanzu nyeupe, watoto wa madrasa juu ya ukuta, mafundi juu ya mnara wakisubiri kupokea. Injinia kijana ana saa yake mkononi na simu ya wakubwa sikioni. Kitambaa changu kule juu kimelala, upepo hakuna. Masaba amesimama mahali pake, kofia imepigwa pasi, uso hauna salamu. Akainua kidole. Nikainua.

Kuba lile likaachana na ardhi, na nikasikia watu wakisema Allahu Akbar kwa sauti ya chini, wote pamoja. Likapanda. Likapita madirisha, likapita ukingo wa paa, likang'aa mpaka nikapunguza macho. Nikafikiria kinywa cha mjomba kikiadhini. Masaba ananiita, geuka kidogo, kidogo sana. Na hapo, nyuma yake, kwenye uwanja wake, Hajati Nambozo akatandaza mikono yote miwili, akaipunga juu chini.

Mkono wangu ulisimama kabla sijajua. Kuba likaning'inia.

Masaba anaita, njoo. Sikuja. Akaita tena. Uwanja ukaanza kunung'unika. Injinia akaja mbio chini ya kebini.

"Mzee! Nani amekwambia usimame?"

"Yule mama."

Akageuka akamtazama. "Yule ni nani kwenye kazi hii? Endelea, mzee. Endelea, au nitakutoa humo ndani sasa hivi nimweke mtu mwingine!"

Hakutania. Mzee mmoja wa kamati naye ameshainuka kwenye kiti, na mimi nawaza, Isabirye, kuba lako lile, limefika, limebakiza kimo cha mtu. Sukuma tu mkono. Nikamtazama Masaba. Cheo chake ndicho kilichokuwa kimekanyagwa pale, mbele ya mji wake wote. Angesema neno moja tu, endelea, injinia angemshukuru.

Masaba akakunja ngumi, ishara ya kushikilia mzigo. Akamwambia injinia, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia juu, "Amesimamishwa. Tunauliza kwanza." Akatembea mpaka kwa Hajati Nambozo.

Nilishika kuba lile hewani. Niliwaona wakiongea. Hajati alionyesha kamba zake kwa mkono. Masaba akashika kiuno, akainamisha kichwa. Halafu nikamwona Masaba, mwenye maringo, mbele ya kamati na madrasa na mtaa mzima aliozaliwa, anaanua shuka. Akaanua la pili. Akamsaidia na mablanketi, akamfikishia mpaka mlangoni. Hajati alikuwa ameona moshi wa injini ya kreni ukielekea kwenye nguo zake zilizolowa, na kwa kuwa juzi tulimwambia tutamwuliza, alidhani naye ana haki ya kusema. Alikuwa nayo.

Masaba akarudi, bado ana kibanio cha nguo kwenye ukosi. Akasimama mahali pake. Akanitazama, halafu badala ya ishara ya kitabuni akaniita kwa kidole kimoja, vile alivyozoea kuniita zamani. Nikaja. Kuba likakaa juu ya mnara kama kofia ya mtu inavyomkaa mwenyewe.

Sasa mnasubiri niwaambie kwamba kule kusimama kuliokoa roho ya mtu. Sina hadithi hiyo. Siku ile hakukuwa na kamba iliyokatika wala mtoto aliyepita chini. Kulikuwa na nguo za Hajati, zikabaki safi, basi. Injinia alinuna mpaka jioni. Lakini kutoka juu sikuweza kujua kama ni nguo au ni mtu, na hata Masaba hakuweza kujua mpaka alipokwenda kuuliza. Jioni ile alikula nami, akaninyang'anya mfupa, na hatukuzungumza juu ya wapishi tena.

Kwa hiyo pamiti mtaipata, na cheti mtakipata, ofisi ziko wazi na mafunzo yapo. Mimi nataka jibu la jambo moja kabla ya kuwaandikia barua yoyote ya kuwasifu. Uko juu, mzigo umebakiza kidogo, wakubwa wanakutazama, na mama mwenye nguo zake anainua mikono. Unafanyaje? Wengine mkiulizwa mnaanza kusema, "Jajja, inategemea." Wewe unayesema inategemea, boda yako ile pale nje, washa uende. Na wewe ambaye mkono wako umeshasimama, ingia ndani, keti. Nitakuonyesha dumu.